Pavel wa Nanganga

Baba,

Shikamoo sikupi leo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila nikifika kwenye neno hilo mkono unakataa, kwa hiyo nimeliacha.

Nianze na habari za nyumbani. Mama amepanda Newala, yuko Mnyambe kwa kaka zake tangu tuanue matanga, na hajasema atarudi lini. Kiwanda cha korosho bado kimefungwa, mashine zako zinakula kutu na nyasi zimefika madirishani. Siku hizi korosho zinanunuliwa na watu binafsi, wanakuja na malori na mizani yao hadi hapa Lupaso, na kila mmoja anamwita mwenzake mwizi. Mjini Masasi kuna baa imeweka dishi. Nilikwenda kumwuliza mwenye baa kama linakamata mpira wa Cheki. Akacheka: "Dada, hapa kuna Waingereza na Waitaliano tu." Nilitaka kujua timu yetu ilimaliza ya ngapi, maana nimegundua kwamba hata wewe hukujua.

Ulisomea ufundi wa mashine kule, enzi za Chekoslovakia, katika mji wa makaa ya mawe. Ulirudi na koti zito lisilo na kazi katika joto letu, na mapenzi ya timu ya wachimba makaa. Nchi yao ilipogawanyika ukaniambia kwamba Wacheki sasa wana ligi yao peke yao, na kwamba msimu huo wa kwanza hatutaukosa. Redio yetu haikamati, ulisema, lakini Nanganga kuna fundi mwenye redio kubwa. Basi kila Jumapili ukitoka kanisani unapanda baiskeli, tai bado shingoni. Jioni unarudi, hata viatu hujavua, unaniita: "Mama, njoo usikie." Uliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yako. Na ulisema mpira huu ni wangu na wako, wengine hawauwezi.

Mimi, mwalimu mzima, niliwasimulia watoto wa darasa la tano habari za Pavel, winga wetu wa mguu wa kushoto. Theluji iliposimamisha ligi, wewe uliendelea kwenda. Ukasema wanacheza ndani, ukumbini. Nikakubali! Na Pavel alipovunjika mguu nilishindwa kula. Nilimwombea kanisani, Baba, kwa sauti, nawe umekaa kwenye benchi la wazee wa kanisa. Ukaitikia amina.

Kisha presha ikakuchukua ghafla, msimu haujaisha.

Siku ya kuanua matanga, mtani wako mzee Chilumba alivaa koti lako akaingia uwanjani akikokota baiskeli yako. Unajua kazi ya watani msibani, humwigiza marehemu, na marehemu hana pa kujificha. Aliigiza unavyoimba kwa sauti ya puani, nikacheka machozi yakinitoka. Kisha akapiga hodi kwenye mlango usiokuwepo. "Hodi Nanganga! Mama Somoe, ugali umeiva?" Akaketi, akanyoosha miguu, akamwita mtoto. "Somoe, mwanangu, njoo. Dada yako ananingoja. Leo tuseme ngapi ngapi?" Akajijibu kwa kisauti cha kike: "Mbili bila, Baba! Pavel kafunga zote!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Lupaso nzima ilikuwa inajua. Nilimtazama Mama, naye akaendelea kuchambua mchele wake. Jioni nikamwuliza. "Nilijua tangu kiwanda kinafanya kazi," akasema. "Wewe ulikuwa unafurahi. Ningekuambia ili iweje?"

Kwamba ulikuwa na nyumba nyingine, hilo nimwachie Mama. Langu ni jingine, na linauma hadi sasa ninapoandika. Ulichukua kitu ulichosema ni chetu wawili, ukampa mtoto mwingine akichezee, halafu ukaniletea makombo. Karibu msimu mzima! Na mimi nikayala, nikayagawa shuleni, nikayapeleka mbele za Mungu. Ungeniambia tu kwamba redio imeharibika, Baba. Ningevumilia.

Jumapili iliyopita nilipanda baiskeli yako nikaenda Nanganga kugomba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mama Somoe anauza mihogo ya kukaanga kando ya barabara. Aliponiona alijua mimi ni nani. Akafuta mikono, akanipa kigoda, akaenda nyuma ya nyumba akatuacha mimi na Somoe.

Mtoto ana paji lako la uso. Alisema "Shikamoo dada," nami nikaitika marahaba kabla sijajizuia. Nilimwuliza habari za ligi, akanieleza bila woga: Baba alimfundisha majina ya Kicheki, yeye anatunga mabao. Hata Pavel kamtunga yeye. Maneno niliyopanga yalikuwa ya mtu mzima, yeye hata miaka kumi sidhani kama anayo. Nikamwuliza lile moja lililonisumbua zaidi: kwa nini alimvunja mguu?

Alichora chini kwa kidole cha mguu. "Siku ile Baba alitaka kuondoka ugali haujaiva. Kila siku anaondoka. Nikamwambia Pavel kavunjika mguu, nikadhani atakaa tumwonee huruma wote. Akasema, haya, nitamwambia dada yako. Akaondoka."

Kumbe tulikuwa wawili, Baba. Mmoja ulimdanganya na mwingine ulimwacha mezani, kila Jumapili, kwa baiskeli ile ile. Nilirudi Lupaso na maneno yangu yote, maana yalikuwa yako, hayakuwa yake.

Sijakusamehe. Labda nitakusamehe, sijui, usinihimize. Lakini hii ni ahadi: shule zikifungwa nitakwenda kumchukua Somoe, nimlete kaburini kwako mchana kweupe, watu wote wakiona. Nitamtandikia mkeka, nimwekee ugali wake. Akae nawe hadi achoke yeye.

Kwaheri, Baba. Safari hii huondoki.

Agnes