Kwa Mdomo Wangu Mwenyewe

Bonde la Yakima, Washington
3 Mei 1998

Dada Eustolia mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuondoka. Natumaini unaamka salama na goti limekupa nafuu. Mimi naamka. Naenda ghalani kupanga matufaha, narudi, nalala.

Asante kwa kuniandikia habari za maziko. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Najua huko kijijini wanasema, baba gani huyu, jeneza analipandisha ndege na yeye anabaki. Waambie sina karatasi za nchi hii, ningetoka nisingeweza kurudi, na kesi ya kijana aliyemgonga Nohemí wetu kwa gari ingeendelea bila mtu wetu hata mmoja.

Kuna jambo sikukuambia. Siku ile hospitalini daktari alikuja, akavua kofia, akasema maneno machache. Mimi niligeuka nyuma kumtafuta Nohemí anitafsirie. Tangu alipotoka kwako yeye ndiye alikuwa Kiingereza changu, benki, kliniki, kwa mwenye nyumba. Shingo ilikuwa imeshageuka kabla sijakumbuka nimeitwa pale kwa ajili ya nani.

Kijana amekiri kwamba alikuwa amelewa. Hukumu itasomwa Oktoba, na siku hiyo mfiwa anaruhusiwa kusimama mbele ya hakimu aseme marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Watanipa mkalimani nikitaka. Sitaki. Nataka niseme kwa mdomo wangu mwenyewe, hakimu anitazame mimi, asimtazame mtu wa pembeni. Nimejiandikisha darasa la Jumamosi, chumba cha chini cha kanisa.

Wewe ulimlea mpaka akatimiza miaka kumi na mmoja. Niandikie mambo yake madogo. Ya kwangu ni machache, nilikuwa kazini.

Mdogo wako,
Fidencio


Los Capulines, Michoacán
24 Mei 1998

Mdogo wangu Fidencio,

Mungu akufunike. Goti bado, ila linanipeleka makaburini na kunirudisha, silidai zaidi. Usipige tena simu ya dukani kwa Doña Cuca. Ananiita kwa kipaza sauti kijiji kizima kisikie, "Eustolia, kaka yako yuko kwenye laini!" na nikifika, wanawake waliokuja kununua sabuni wanasimama kunitazama nikilia.

Kuhusu hicho Kiingereza: una miaka arobaini na sita, na shule uliikimbia darasa la nne kwa kuogopa kugawanya. Lakini haya, jaribu. Bora ujifunze kuliko ukae chumbani na viatu vyake.

Mambo yake madogo haya hapa. Akilala alishika sikio langu, na nikimtoa mkono anashika sikio la pili. Jino lake la kwanza kung'oka alilimeza ili yule panya anayekuja usiku kuchukua meno ya watoto asiwe na sababu ya kuingia chumbani. Kuku wangu wote aliwapa majina ya wanawake wa kwaya. Padre alikuja kula siku moja, na mtoto akaniuliza mbele yake, "Shangazi, leo tunamchinja Doña Refugio au tumngoje anenepe?" Padre alicheka hadi akaomba maji.

Siku anaondoka kuja kwako hakulia. Alipanda basi, akashuka, akaja kuomba maji ya kunywa, akapanda tena. Hakuwa na kiu, Fidencio. Maji aliyaacha kwenye kikombe.

Mwambie hakimu hayo. Halafu mwambie ampe yule mtu miaka yote waliyo nayo kabatini. Ni mtoto wa nani?

Dada yako,
Eustolia


Bonde la Yakima
19 Julai 1998

Dada mpendwa,

Natumai mvua zimefika na mahindi yamesimama. Mimi sijambo, mikono tu imepasuka kwa kuchuma matunda ya cheri. Joto limekuwa kali hata mbwa wa jirani habweki.

Darasani tuko kumi na wanne. Mwalimu ni Bi Lorna, mzungu mzee, mpole, anatuletea biskuti zisizo na sukari. Pembeni yangu anakaa Don Hilario wa mashamba ya hopsi, ile mimea ya kutia ladha kwenye bia. Anasema Kiingereza kinamwingilia sikioni na kumtokea puani. Jumamosi iliyopita aliniambia, "Arriaga, wewe unasoma kama mtu anayedaiwa. Kwani unataka kuwa gavana?" Baadaye mtu alimwambia habari za Nohemí, na akaniletea mfuko wa parachichi.

Lugha hii ina mambo yake, Dada. Kwetu ukisema anapenda, anacheka, inatosha, mtu yumo ndani ya neno. Hapa lazima umtaje kila mara, yeye anapenda, yeye anacheka. Mimi nasahau kumtaja, na Bi Lorna anachora duara jekundu na kuandika, nani? Daftari langu limejaa nani.

Tena kwetu mtu ana miaka. Hapa mtu ni mzee wa miaka kadhaa, hata mtoto mchanga ni mzee wa siku tatu. Ikanibidi niandike kwamba Nohemí alikuwa mzee wa miaka kumi na tisa. Niliandika hivyo, nikatoka nje kidogo kuvuta hewa.

Bi Lorna alitaka kunisaidia hotuba. Akaweka kwamba binti yangu alikuwa mwanga wa maisha yangu. Nikamwambia, sikuzote alikuwa anaunguza maharage kwa sababu ya kusoma huku anapika. Andika hilo. Akanitazama, akafuta mwanga.

Kwenye ofisi ya mahakama waliniuliza tena kama nahitaji mkalimani. Nikamwambia karani, kwa Kiingereza, hapana asante, nitaongea mwenyewe. Alielewa mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Fidencio


Los Capulines
6 Septemba 1998

Fidencio, mdogo wangu,

Nakusalimu kwa haraka, mwenye kupeleka barua mjini amesimama mlangoni. Mahindi yamekubali. Mimi nakohoa kidogo tu.

Nimefurahi kwa hilo la maharage. Kwangu pia aliunguza.

Ongeza hili: alipokuwa na miaka saba alikuwa akinisomea barua zako, na palipo na habari mbaya aliruka. Nilijua anaruka kwa sababu macho yake yalitangulia mdomo. Sikumwambia kwamba najua.

Nilikuuliza kijana ni mtoto wa nani ukaruka kama yeye. Nauliza tena. Ni wa wazungu? Wana fedha?

Dada yako,
Eustolia


Bonde la Yakima
17 Oktoba 1998

Dada Eustolia,

Naomba barua hii ikukute umekaa. Hali yangu ni ile ile.

Hukumu ilisomwa juzi. Kijana anaitwa Rubén Cisneros, ana miaka ishirini na mbili. Siyo wa wazungu. Wazazi wake walitoka Colima, baba alishakufa, mama anachuma hopsi. Sikukuandikia kwa sababu ulitaka awe mtu wa mbali. Nami nilitaka hivyo.

Nilivaa koti la Don Hilario. Jina langu lilipoitwa, miguu ilienda yenyewe. Nikasema yote, Dada. Kuku, Doña Refugio, maharage, maji ya kikombe. Jino nililisahau. Hakimu aliweka kalamu chini akanitazama mimi, kama nilivyotaka. Kijana alitazama meza. Mwisho nikasema: alikuwa akiongea kwa niaba yangu, leo naongea kwa niaba yake. Hakuna aliyeniuliza nimesema nini. Nilifikiri nikimaliza, kitu fulani ndani kitakaa chini. Hakikukaa.

Wamempa miaka mitatu na miezi mitano. Sheria yao haifiki mbali zaidi ya hapo. Kabati lao halina zaidi.

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la ukumbini. Mama mmoja akanijia, mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Akaniambia kwa Kihispania chetu, "Samahani bwana, wewe ndiye mkalimani?"

Nikasema siye.

"Lakini nimekuona ukiongea nao. Tafadhali. Mwanangu aligeuka akanitazama, wakamtoa kwa mlango wa kando. Wakili amenipiga begani, akaondoka. Wamempa miaka mingapi? Nimeuliza watu wawili wananionyesha choo."

Kijana alizaliwa huku, Kiingereza ni chake, hahitaji mkalimani. Mtu pekee ambaye angeitiwa mkalimani ni mimi, na mimi nilikataa. Kama ningekubali, yule mama angesikia kila kitu akiwa kiti cha nyuma.

Nikamwambia, "Mitatu na miezi mitano."

Akahesabu kwa vidole. "Atakuwa na ishirini na tano." Halafu akasema, "Mungu akulipe, bwana. Na wewe ulikuwa unasema nini pale mbele? Sauti yako ilikuwa ya upole. Nilidhani unamtetea."

Ningeweza kuondoka, Dada. Nilisema, "Nilikuwa nawaambia habari za binti yangu."

Alikaa chini pale pale, sakafuni siyo kwenye benchi. Nikamshika kiwiko nikamwinua, maana watu walikuwa wanapita.

Mdogo wako,
Fidencio


Los Capulines
22 Novemba 1998

Fidencio,

Niko hai.

Siku ya Wafu niliweka altare yake ya kumbukumbu nyumbani, peke yangu. Maua, mkate, kikombe cha maji. Watu walikuja. Wakaniuliza, kaka yako aliongea kwa hakimu? Nikasema aliongea. Wakauliza, na yule mtu alipata ngapi? Nikaingia jikoni.

Nilikupa mambo yake yote. Nilikuwa nayo machache, nikakutumia yote. Nilidhani yatanunua kitu. Na ulipotoka mle ndani, neno la kwanza ulilosema kwa mdomo huo mpya ulimpelekea mama wa yule mtu, umfariji kwa hesabu, kisha ukamwinua kwa mkono wako.

Mimi nisingemwambia. Ningemwacha azunguke ukumbi ule mpaka usiku akionyeshwa choo. Usinijibu kwamba Nohemí angemwambia. Najua angemwambia. Ndiyo maana siwezi kukusoma kwa sasa.

Acha nikuandikie mimi kwanza.

Eustolia


Bonde la Yakima
31 Januari 1999

Dada yangu mpendwa,

Ulisema nisubiri, nami nimesubiri Krismasi na sikukuu ya Wafalme Watatu zikapita. Nisamehe, nimeshindwa. Natumaini kikohozi kimekwisha. Huku theluji imefika madirishani, ghalani tunafanya kazi na glavu mbili.

Kesi imekwisha, lakini Jumamosi bado naenda darasani. Sijui pa kwenda pengine.

Wiki mbili zilizopita Bi Lorna alileta mwanafunzi mpya. Ni yule mama wa mahakamani. Anaitwa Otilia. Simu za kutoka gerezani zinatanguliwa na sauti ya mashine kwa Kiingereza, inakuagiza ubonyeze kitu, na yeye anabonyeza vibaya simu inakatika, mwanawe anapotea. Kwa hiyo amekuja kujifunza. Aliponiona alisimama mlangoni na koti lake. Hakuna darasa jingine hapa bondeni. Akaingia, akakaa mbali.

Jana Don Hilario alikuwa mgonjwa. Bi Lorna akapanga watu wawili wawili wa kuulizana maswali, na kwa kuwa mimi nimesonga mbele na yeye ndiye mgeni, akatuweka pamoja. Bi Lorna anajua habari za Nohemí, lakini hajui Otilia ni mama wa nani. Nani angemwambia?

Otilia alifuata maandishi kwa kidole. Akaniuliza jina. Nikajibu. Akaniuliza natoka wapi. Nikajibu, naye akasema taratibu, vizuri sana, kama mwalimu anavyosema. Halafu kidole kikafika kwenye swali la tatu kikasimama. Una watoto wangapi?

Aliliruka, akaenda la nne, kuhusu chakula ninachopenda. Bi Lorna alikuwa anapita, akaona limerukwa. Akadhani limemshinda Otilia, akasahau kwamba ninayeulizwa ni mimi. Akavuta kiti akakaa katikati yetu, akatabasamu, akalisoma neno moja moja, akionyesha urefu wa watoto kwa kiganja, huyu mfupi, huyu mrefu zaidi. Sisi tukatazama kiganja chake. Akatuuliza kama tumeelewa.

Tulikuwa tumeelewa, Dada, sote wawili. Bi Lorna akalirudia swali, polepole zaidi.

Mdogo wako,
Fidencio