Unga wa Saidi

Zuhura, mke wangu wa Dodoma,

Marahaba. Mikorosho imeanza kutoa maua, na mke mwenzio, bibi yako, bado amenuna kwa sababu nilimuuza jogoo wake bila kumwambia.

Umeuliza kwa nini sivai nishani yangu ya ushujaa hata Siku ya Mashujaa. Nilipewa kwa kumbeba rafiki yangu Saidi huku risasi zikipita, kwenye vita vya Kagera. Nilimfikisha, lakini alikuwa ameshakufa.

Niliporudi hapa Mnyambe, wanawake walinipokea kwa vigelegele, wakinimwagia unga kichwani kama tunavyowafanyia vijana wanaotoka jandoni. Mama yake Saidi naye akaja na bakuli lake. Niliifunika nishani kwa kiganja.

"Niliutwanga kwa ajili yenu wawili," alisema. "Pokea na wa mwenzio."

Akaumwaga wote. Nikainamisha kichwa kwa aibu, watu wakadhani ni adabu, wakazidi kushangilia.

Kila nikiishika nishani ile, nausikia unga ukiniteremka shingoni, na nusu yake haikuwa yangu.

Babu yako