Fundo la Leso

Jumapili, 12 Januari 2014

Majani tena. Tangu asubuhi napiga msasa majani ya vichwa vya nguzo, oda ya ukumbi wa harusi. Ustad Gul, fundi wetu wa kuchonga, anasema ni majani ya mmea wa Ugiriki. Hapa karakanani hakuna aliyewahi kuuona, hata yeye. Tunayachonga tu, watu wanayapenda. Vumbi la jasi limeingia mpaka kwenye chai.

Kadi yangu ya kazi inasema usafi. Nafagia, naosha kalibu, napiga msasa. Nyumbani Tabaka ilikuwa hivyo hivyo. Baba na kaka zangu walichonga mawe, mimi na Mama tukasugua na kuosha. Patasi ilikuwa ya wanaume, basi. Nimevuka bahari mpaka Dubai nikakuta msasa umenitangulia.

Jumanne, 14 Januari

Oda mpya. Mkahawa wa Kigiriki unafunguliwa mtaa wa Oud Metha. Mwenyewe anataka wanawake wanne wa kubeba paa la mlangoni. Picha imebandikwa ukutani: wanawake wa mawe, nguo ndefu, paa zima juu ya vichwa vyao, na nyuso hazina habari. Nimewapenda papo hapo. Nilidhani kubeba kichwani ni mambo yetu tu. Nywele zao zimesukwa nene nyuma ya shingo. Ustad anasema bila nywele hizo shingo ingevunjika.

Atachonga mmoja wa mfano kwa jasi. Mteja akikubali, tunatoa kalibu na kumwaga wanne wa saruji.

Wakati wa chai amenisimulia kwao, Taxila, Pakistan. Wagiriki walifika pande zile zamani sana na majeshi yao. Majeshi yakaisha, uchongaji ukabaki. Mawe ya kale ya kwao yana Buddha aliyevaa nguo ya mikunjo kama ya Mgiriki, lakini usoni ana masharubu kama wanaume wa kijijini kwa Ustad. Babu yake alichonga nakala za kuwauzia wageni, na masharubu hakuyaacha. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikakumbuka sisi Tabaka tunachonga twiga, na mimi twiga nilimwona kwenye jiwe kabla ya kumwona porini.

Jumatano, 22 Januari

Madam anayesanifu ule mkahawa amekuja kuona mfano. Akauzunguka mara moja. Akauliza, "Hizi ni nguo au mabomba ya maji?"

Sir, msimamizi wetu, akacheka naye. Ustad akaendelea kufuta patasi yake.

Alipoondoka sir akatuambia. Madam anarudi Alhamisi ya wiki ijayo. Akikataa tena, sanamu zitaagizwa ng'ambo zikiwa tayari, na kuchonga hapa khalas, basi. Tutabaki kuunganisha vipande vya watu wengine. Ustad atarudishwa kwao. Mimi nitabaki na ufagio, na hata wa kumtazama akichonga sitakuwa naye.

Nina hasira. Si na madam. Madam amesema kweli, ni mabomba.

Alhamisi, 23 Januari

Shida ni macho ya Ustad. Nimeshuku tangu mwaka jana, leo nina hakika. Anapapasa kwa kidole gumba kabla ya kupiga. Mkunjo mmoja ameuchonga mara mbili.

Kila mtu alipoenda kula akaniita. "Sister, kivuli kinaanguka wapi?" Nikamwonyesha. Akachukua mkono wangu, akaweka patasi ndani yake.

Nikairudisha mezani, nikaenda kufagia. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 24 Januari

Mapumziko. Chumba chetu hapa Naif kina vitanda sita na bafu moja, na asubuhi ya Ijumaa ni foleni. Mwanaidi wa Mombasa, wa kitanda cha juu yangu, ametoka kuoga na leso aliyojifunga imelowa chapachapa. Akasimama mlangoni kuuliza nani kamaliza sabuni yake. Uzito wote mguu wa kulia, goti la kushoto amelikunja, mkono kiunoni. Amejaa hasira kamili.

Nikaona. Upande wa mguu ulionyooka, leso inaanguka wima, mabomba matupu. Upande wa goti imegandamana na paja, na mikunjo inalikwepa goti. Ustad aliweka mabomba pande zote mbili. Hakuna mwanamke ndani ya ile nguo.

Nikamwambia asisogee. Nikamletea ndoo ndogo aweke kichwani ili shingo ikae sawa. Nikachora kwenye ubavu wa boksi la maji.

"Moraa, wanitia wazimu," akasema. "Sabuni yangu imeliwa, baridi yaniingia, nawe waniambia nikunje goti?"

Alisimama hivyo mpaka nikamaliza. Sabuni yake niliimaliza mimi. Nimemwambia baadaye.

Jumamosi, 25 Januari

Nimempa Ustad lile boksi. Ameliinamia mpaka pua ikaligusa. Nikamweleza mguu huu na mguu huu. Akasikiliza, akanipa patasi. Nimeichukua.

Jasi ni laini kuliko jiwe letu. Pigo la kwanza limekwenda ndani mno. La pili afadhali. Kufikia saa tisa nikasahau kuogopa. Kila nilipomaliza mkunjo alipitisha kidole gumba juu yake. Mara mbili akasema, "Aiwa," ndiyo hiyo. Mara nyingi hakusema kitu, nami nikarudia.

Jumatatu, 27 Januari

Goti limetokea.

Sir ametukuta. Patasi mkononi mwangu, Ustad amekaa kwenye ndoo pembeni. Akaniambia, "Wewe ni usafi." Ni kweli. Kadi inasema hivyo.

Ustad akasimama. "Macho yangu yamekwisha, sir," akasema. "Nimeazima yake."

Amemficha sir mwaka mzima, leo amesema mwenyewe, kwa ajili yangu. Nilitaka kulia. Sir aliutazama mfano, kisha saa yake. Akasema tuendelee hadi Alhamisi, na nje ya karakana nisimwambie mtu.

Jumatano, 29 Januari

Nimeharibu.

Leo nilisogea nyuma kuitazama nguo yote na nikaona fundo. Kiunoni, upande wa kushoto. Fundo la leso, lile la Mama, anamofungia funguo za nyumba. Mwanaidi hakufunga hivyo. Kwenye picha halipo. Nguo za Wagiriki zinabanwa kwa pini mabegani. Mkono umelichonga wenyewe huku mimi nafikiria goti. Nikilikata, kiuno kitabaki na shimo, na kesho ndiyo siku.

Nikamweleza Ustad. Akalitafuta kwa kidole gumba, akalipata, akalizunguka taratibu. Nikangoja anigombeze.

"Masharubu," akasema. Akaenda kunywa chai.

Alhamisi, 30 Januari

Madam amefika saa nne. Ameuzunguka mfano mara tatu. Kidole chake kikapita juu ya fundo, kikaendelea. Akasimama mbele, akasema sasa anamwona mtu. Amekubali.

Akampa Ustad mkono. Ustad akanyoosha kidole kwangu, akasema kwa Kiingereza chake, "Yeye." Madam akageuka, akaniona na aproni yangu ya usafi. Akasema asante, chai yake isiwe na sukari.

Nikamletea chai. Imeniuma. Nimeshinda na imeniuma, vyote viwili.

Jumatatu, 3 Februari

Kalibu imetoka safi. Sir ameleta mtu mpya wa msasa, Bahadur kutoka Nepal, mwanamume wa makamo, mpole. Mimi nimepewa meza karibu na Ustad. Ustad amebaki, kidole chake kinakagua kazi yangu. Kadi bado inasema usafi.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekwenda Oud Metha na Mwanaidi. Wamesimama wanne mlangoni, weupe, paa juu. Watu wanapita chini yao kwenda kula. Mwanaidi aliwapitia mmoja mmoja, akagonga goti la wa mwisho. "Mguu wangu huu," akamwambia mhudumu aliyetutazama. Mhudumu alidhani tunataka meza.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye simu ya kaka yangu, amwonyeshe Mama. Bahadur amewasugua vizuri, hata mstari wa kalibu hauonekani.

Mama amepiga alasiri. Hakuuliza habari za Dubai. Ameuliza nani kawafunga wazungu wale leso kwa fundo lake.

Nikamwambia mimi. Mimi ndiye niliyechonga.

Nilisikia kuku wake nyuma yake. Kisha akauliza, sasa nani aliyesugua.

Nikamwambia mwanamume.

Amecheka mpaka simu ikakatika.