Akile Aliyechorwa Nusu

Kambini,
9 Desemba 1978

Mpendwa Mjomba Eustace,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila miguu ina malengelenge kwa sababu viatu nilivyopewa vilishonewa mtu mrefu kuliko mimi. Natumaini wewe, mama na wote hapo kijijini hamjambo, na kwamba mvua imeshika mkaanza matuta.

Sisi mgambo tuliotoka Rukwa bado tunafundishwa, na siku yoyote tutapelekwa mbele. Hapa kuna kijana wa Wampembe anaitwa Clemens. Ni mvuvi, na ana mkono mwepesi kwa sindano maana amekua akishona nyavu na marehemu baba yake. Anakoroga masizi ya koroboi na maji kidogo, anachovya sindano, anakudonoadonoa mpaka unabaki na mchoro usiofutika mwilini. Karibu kikosi kizima kimechorwa. Wengi wamechagua simba. Mpaka sasa tuna simba kumi na mmoja na hakuna anayefanana na mwenzake. Mmoja kwa kweli ni mbuzi, lakini mwenyewe hajaambiwa.

Mimi sitaki simba. Nakumbuka tulipokuwa tukipura maharage ulitusimulia wale mashujaa wa Wayunani uliowasoma seminari. Nichoree mmoja kwenye karatasi, Clemens atamfuatisha mkononi mwangu. Naomba awe yule ambaye silaha haikumwingia. Na mstari huu usimsomee mama: naogopa, mjomba. Nacheka na wenzangu tukiwa kwenye mazoezi, lakini naogopa sana.

Mpwa wako,
Flavian


Namanyere,
6 Januari 1979

Mpwa wangu Flavian,

Milele amina, na marahaba. Sisi tu wazima. Mama yako ana kikohozi kidogo kinachomzuia kusema sana, na watu wengine hapa nyumbani wamekipokea kwa shukrani. Anahudhuria darasa la watu wazima. Hata herufi zote hajazimaliza, na tayari anasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu.

Mstari ule sikumsomea.

Nimekaa na penseli siku mbili. Nilianza na Herakle aliyevaa ngozi ya simba aliyemnyonga mwenyewe. Lakini ana misuli mingi, na mkono wako naujua, utaishia kwenye paja lake moja. Nikamjaribu Perseo, ambaye hushika kichwa cha mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele. Ukirudi na kichwa cha mwanamke mkononi, mama yako atauliza ni binti wa nani na alikukosea nini. Teseo aliingia kwenye pango la mtu mwenye kichwa cha fahali, akatoka kwa kufuata uzi. Huyo nampenda, ila uzi wenyewe utaonekana mshipa uliovimba. Odiseo alichukua miaka ishirini kurudi nyumbani kwake. Huyo simtaki kabisa. Wewe uje haraka.

Nimebaki na Akile. Alipozaliwa, mama yake alimtumbukiza katika mto wa kuzimu, na tangu hapo mkuki, upanga wala mshale havikuipenya ngozi yake. Alikuwa wa mbele vitani, na adui walikimbia kwa kusikia sauti yake tu. Nimemchora na ngao na mkuki, mpaka kiunoni, kwa sababu karatasi iliisha. Hadithi yake nitakumalizia ukirudi.

Padri wetu asijue fundi ni nani. Aliniondoa seminari kwa makosa madogo kuliko hili.

Mjomba wako,
Eustace


Mahali nisiporuhusiwa kupataja,
20 Februari 1979

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naandikia juu ya sanduku la risasi, samahani kwa mwandiko. Mimi ni mzima kabisa. Msalimie mama, mwambie soksi zimefika na zote mbili zinalingana, jambo nisilolitarajia.

Akile amekaa. Clemens alimfanya kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Mkono ulivimba siku tatu, sasa umepoa, na jicho la Akile ni kali kama la karani wa ushirika. Nilimsimulia Clemens hadithi yenyewe akaipenda mno, hata akajichora Akile huyohuyo kwenye mkono wake wa kushoto. Aliuliza miguu iko wapi, nikamwambia karatasi ya mjomba iliisha.

Tumeshaingia Uganda. Mjomba, sijui nikueleze vipi, woga umeniachia. Wiki iliyopita tulishambuliwa barabarani. Wenzetu walilala mtaroni, mimi na Clemens tukabaki tumesimama tunapiga. Risasi moja ilitoboa shanta langu ikaishia kwenye kopo la nyama. Kamanda alitusifu mbele ya watu. Sasa kila akitafuta watu wa kutangulia, sisi wawili tunanyoosha mikono, na wenzetu wanamgusa Akile kabla hatujaondoka. Nilikuwa mtu wa mwisho kwenye mstari, leo ni wa kwanza. Nakushukuru sana.

Mpwa wako asiyeogopa tena,
Flavian


Namanyere,
24 Machi 1979

Flavian mwanangu,

Salamu kwanza. Sote hapa ni wazima, na mama yako kikohozi kimekwisha. Leo sina utani.

Barua yako nilimsomea mama yako yote. Alitaka kujua huyo Akile ni nani, nikamsimulia vilevile nilivyokusimulia wewe. Alikuwa akipepeta ulezi. Akasimamisha ungo akaniuliza, "Alimshika wapi?"

Nikajifanya sikusikia. Akasema yeye ameogesha watoto sita mtoni, na hakuna mama anayemtumbukiza mtoto bila kumshika, na pale palipo na mkono wake maji hayafiki. Mimi nilikaa seminari miaka sita. Yeye hakuhitaji hata kuuweka ungo chini.

Basi nakwambia nilichokuficha. Alimshika kisigino. Akile alipigwa mshale wa kisigino akafa, bado kijana, mbali na kwao, na mama yake akabaki kumlilia. Karatasi haikuisha. Niliiacha miguu kwa makusudi. Uliniambia unaogopa, na mimi mwalimu wa kijijini sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Nilidhani nakupa moyo, kumbe nimekusimamisha barabarani wakati wenzako wamelala.

Mama yako hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Ungemwambia pasipofunikwa, angepafunika."

Mkononi mwako kuna masizi ya koroboi, hakuna zaidi. Lala wanapolala wenzako. Usinyooshe mkono. Mwambie na Clemens, maana naye ana mama yake.

Mjomba wako mwenye kosa,
Eustace

Maneno haya ya chini ameyaandika mama yako mwenyewe. Sikumshika mkono.

INAMA MWANANGU. MAMA.


Namanyere,
20 Mei 1979

Flavian mwanangu,

Habari za huko? Sisi tupo. Mwezi uliopita redio ya ofisi ya kijiji ilitangaza kuwa Kampala imeanguka. Watu walicheza mpaka sakafu ya ofisi ikatimka vumbi, na mama yako alisimama pembeni akimuuliza kila mtu kama wametaja majina.

Barua yako ya mwisho ni ya Februari. Kila Jumanne natembea mpaka posta, na karani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa ili kunipunguzia safari. Mimi huenda mpaka dirishani vilevile.

Hatukuombi habari nyingi. Andika jina lako tu kwenye karatasi uitume.

Mjomba wako,
Eustace


Uganda,
2 Julai 1979

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo mama. Mimi ni mzima. Sina hata mkwaruzo, na natamani ningekuwa nao.

Barua yako ya Machi niliipata Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa nimekaa na Clemens tunakula. Nikaisoma kimya mpaka mwisho, mpaka maneno ya mama. Clemens akauliza mjomba anasemaje. Nikamjibu, "Anakusalimu."

Sikumwambia zaidi ya hapo. Niliikunja barua nikaitia mfukoni. Neno la mama nililitii, tangu siku ile niliinama. Kamanda alipotafuta watu wa kutangulia, mkono wangu ulibaki chini, na Clemens alinyoosha wake peke yake akinitania kwamba nimezeeka. Nilikuwa na wiki nne za kumwambia. Kila siku nilipanga kuwa kesho. Alikuwa na furaha, mjomba, na vijana wengine walikuwa wakipata nguvu kwa kumwona. Niliona nikimwambia nitamvunja moyo, na pengine nitawavunja wote. Nilimfanyia yeye yaleyale uliyonifanyia mimi, ila wewe mwisho ulisema.

Tarehe kumi na tatu Mei alijitolea kupeleka maji kwa wenzetu waliokuwa ng'ambo ya uwanja wa wazi. Ilikuwa mchana kweupe. Alitembea, hakukimbia. Risasi ilimpata kifuani. Wala haikuwa kisigino.

Barua yako ya Mei imefika, nikashindwa kuijibu mpaka leo. Mama yake Clemens ameshaarifiwa na jeshi kwamba mwanawe alifariki vitani. Mengine hajui. Tunasikia tutarudishwa nyumbani mwisho wa mwaka. Mimi nitafika Namanyere tu, Wampembe sitakanyaga maisha yangu yote. Mkono nausugua kwa mchanga kila ninapooga, lakini Akile hatoki. Tafadhali usimwambie mtu yeyote, hata mama.

Mpwa wako,
Flavian


Wampembe,
26 Agosti 1979

Mpwa wangu, mwanangu,

Pole sana. Nakusalimu kutoka mahali ulipokataa kukanyaga. Uliniomba nisimwambie mama yako, na mimi nimeficha vya kutosha mwaka huu. Nilimwambia. Alilia, kisha akanifungia chakula cha safari.

Lori la dagaa lilinichukua kutoka Namanyere likaharibika kabla ya mteremko, nikashuka kwa miguu mpaka ziwani. Nilimkuta mama Clemens, Bibi Fransiska, anaanika dagaa mchangani. Alinipa kigoda na maji ya kunywa kabla hajauliza nimetoka wapi. Nilimwambia yote, nikianzia kwangu: kwamba nilichora nusu ya mtu nikaificha nusu nyingine. Halafu nikamwambia lako, barua, chakula cha Pasaka, na salamu ulizompa mwanawe badala ya ukweli. Nilitamani kukutetea. Nikaanza kusema wewe ni kijana mdogo, nikaacha katikati, kwa sababu Clemens naye alikuwa kijana mdogo.

Alisimama akaenda kugeuza dagaa wake. Aligeuza kuanzia mwanzo wa turubai mpaka mwisho wake, akarudi na upande wa pili. Nilidhani anasubiri niondoke, lakini nilibaki kwenye kigoda. Aliporudi aliketi chini, akaniuliza kama ni kweli Clemens alikuchora yeye mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama mistari imenyooka. Nikamwambia sijauona mkono wako, nimeona karatasi tu, na kwamba wewe unausugua kwa mchanga.

Akanieleza kwamba mtumbwi na nyavu zimechukuliwa na ndugu wa marehemu mumewe. Nyavu alizozishona Clemens zimeshachakaa, wengine wamezifumua na kuzishona upya, na yeye hawezi tena kutambua fundo la mwanawe. Ndani ya nyumba yake hakuna kitu kilichotoka mikononi mwa Clemens. Ameangalia kila mahali.

Hakusema amekusamehe, Flavian, na mimi sitakuandikia neno ambalo hakulisema. Nilipokuwa naaga alinishika shati, akasema, "Mwambie asiusugue. Aje niuone."

Ukifika Namanyere nitakuwa stendi nakusubiri. Tutashuka huku pamoja.

Mjomba wako,
Eustace