Siku Ulipougua kwa Ajili Yangu

Mpendwa Baba,

Leo asubuhi ameingia ofisini kwangu kijana wa mwaka wa kwanza akiwa na baba yake. Mimi nilikuwa nimemwita kijana peke yake, nimuulize kama amepata kitanda na kama kuna mchezo wowote anaoupenda. Lakini unajua jinsi shule zetu zilivyotulea: ukiitwa ofisini, uje na mzazi. Mzee wa watu alikuwa amevaa koti la Jumapili na kushika kofia kwa mikono miwili. Hata kabla sijamkaribisha kiti akaanza, "Madam, makosa ya mtoto ni ya mzazi. Tunaomba msamaha." Nikamuuliza makosa gani. Akasema, "Hiyo hiyo yenye ametenda."

Nilicheka mpaka nikaona aibu, nikawaagizia chai. Walipoondoka nikafunga mlango nikakaa peke yangu. Ungalikuwa hai ningalikupigia simu pale kwa karani wa kiwanda cha sukari, wakuite kutoka kwenye trekta, nikusimulie. Sasa nimebaki na kalamu tu. Basi wacha nikuandikie, na nikiwa hapo nikuambie lile ambalo sikukuambia katika miaka yote kumi na moja.

Unakumbuka mwaka nilipoingia chuo cha ualimu kule Maseno. Mama alikuwa amefariki miezi saba tu nyuma. Ulinisindikiza wewe mwenyewe na godoro kichwani, ukamwambia kila tuliyekutana naye kwamba mtoto wako anaenda kuwa mwalimu, hata wale ambao hawakuuliza. Langoni ulinipa mkono kama mtu mzima mwenzako. Ukasema, "Soma. Nyumbani niko sawa." Nilikuamini kwa wiki mbili.

Wiki ya tatu nilikuja kukusalimia, nikaingia jikoni kwa mama, nikakuta sufuria zimeoshwa na kufudikizwa kwenye kichanja. Mama hakuwa akifudikiza sufuria. Alizipanga zikitazama juu, moja ndani ya nyingine, na ukimuuliza atakwambia sufuria ikiinama na riziki inaondoka. Nikakuuliza nani ameosha vyombo. Ukajibu, "Waya alipita hapa," ukatoka haraka kwenda kuangalia ng'ombe. Baba, huyo Waya, shangazi yangu, hakuwahi kuosha sufuria ya mtu tangu nizaliwe. Nilielewa pale pale kwamba shangazi hakupita peke yake, kwamba kuna mwanamke anatembezwa aione nyumba.

Tangu siku hiyo nikawa mlinzi. Wewe nilikuambia chuo kinafungwa kila Ijumaa, ukakubali, maana mambo ya vyuo uliyaacha kwa wenyewe. Chuoni nikasema baba yangu anaumwa kifua na hana mtu wa kumwangalia. Wakanipa ruhusa. Kila Ijumaa saa saba nilikuwa barabarani, na kila Jumapili jioni narudi na macho mekundu kwa moshi. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilipita Kisumu, Ahero na Awasi mpaka Muhoroni, na niliizoea.

Hukuona nilichokuwa nakosa kwa sababu sikukuonyesha. Wenzangu Ijumaa jioni na Jumamosi ndipo walipokuwa wanafunzi kweli: kwaya, netiboli, maigizo, mdahalo, na wengine wakifundishana hesabu ukumbini. Mimi hakuna aliyenijua ila kwa jina la "yule mwenye baba mgonjwa." Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba muhula ukiisha sitarudi. Nitakaa nyumbani, nitafute kazi ya kuandika majina ya wakata miwa, na hakuna mtu atakayegusa jiko la mama.

Shida ni kwamba chuo kile kilikuwa na watu wazuri kupita kiasi. Mlezi wa wanafunzi alikuwa Madam Nyokabi, mama mfupi mwenye miwani, mzaliwa wa Kisumu ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vitambaa mjini. Dholuo, lugha yetu, aliijua kunishinda. Kila Jumatatu ananiuliza, "Mzee anaendeleaje?" Nami nakuongezea ugonjwa kidogo ili ruhusa isikatike. Nesi wa chuo akaniandikia karatasi ya ushauri wa kifua. Wale wa umoja wa Kikristo wakakuombea kila Jumatano, kwa jina, nami nikiwa katikati yao nimefumba macho nikiona haya. Kadiri walivyonisaidia, ndivyo nilivyozama.

Halafu wakaja.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne hivi. Nilikuwa nikisugua sufuria. Wewe ulikuwa juu ya paa la jiko, gamubuti miguuni, misumari mdomoni, unapigilia bati lililong'oka. Tukasikia wimbo wa kanisani ukitoka upande wa miwa. Ukatoa misumari mdomoni.

"Hao ni akina nani wanaimba?"

Nikatazama. Lori la chuo, limejaa watu wa mwaka wa kwanza wamesimama, na Madam Nyokabi ameketi mbele na dereva.

"Ni watu wa chuo, Baba."

"Si umesema chuo imefungwa?"

Nikazidi kusugua sufuria.

"Na wanakuja kufanya nini?"

"Kukuona. Nimewaambia una kifua. Kuanzia mwezi wa tisa."

Ulinitazama kutoka kule juu. Nilijua yameniisha. Chuoni wangenifukuza kwa udanganyifu, na wewe, mzee wa kanisa, ungenifukuza pia, nami sikuwa na pa kwenda. Lori lilikuwa likisuasua kwenye matope ya njia ya matrekta. Ukashuka ngazi, ukaweka nyundo chini taratibu, ukanipita ukaingia ndani. Nikasikia kitanda kikilia. Kisha nikasikia kikohozi.

Baba, kikohozi kile! Mbuzi wa jirani waliinua vichwa.

Waliingia wote ishirini na kitu, na mikate, sukari, na maziwa ya pakiti, wakakuzunguka. Ulikuwa umejifunika blanketi mpaka kidevuni, macho umeyalegeza. Katibu wa umoja akaomba, tena akaomba kwa nguvu, jasho likimtoka. Wasichana wawili walikuwa wakilia kwa ajili yako. Mimi nilisimama mlangoni nikiomba maombi yangu tofauti, kwamba ardhi ipasuke.

Waliposema "Amina" ukakaa kitandani wima.

"Watoto wangu, ngojeni," ukasema, mkono kifuani. "Hapa kumefunguka."

Wakaanza kupiga makofi. Ukawanyamazisha kama mwenyekiti wa mkutano.

"Ero kamano, asanteni sana. Nyasaye, Mungu wetu, amesikia. Mimi nimepona, na nimepona kabisa, si ile ya kurudi-rudi. Sasa Madam, sikiza. Huyu mtoto alikuwa anakuja hapa juu ya hii kifua. Kifua imeisha. Nikimuona hapa tena kabla mfunge shule, nitampandisha trekta mimi mwenyewe nimrudishe kwenu. Mumeshuhudia?"

"Tumeshuhudia!" wakaitikia wote, na wimbo ukapanda mpaka bati lako likalegea tena.

Kwa maneno hayo uliniokoa na kunihukumu, kwa pumzi moja. Nililia, na wenzangu wakanikumbatia wakidhani ni furaha. Ulipokuwa ukinisukuma nipande lori nirudi nao, uliniinamia sikioni: "Umenifanya nidanganye mbele ya Mungu na gamubuti miguuni. Enda usome. Na kama huko kuna watu wa maigizo, ingia. Hii kitu iko kwa damu." Ulikuwa umekasirika kwelikweli, nilikuona mshipa wa shingo, lakini mdomo ulikuwa ukikusaliti.

Jumatatu Madam Nyokabi aliniita. Nilipofika, alikuwa akifuta miwani.

"Baba yako ni mwanaume mzuri sana," akasema. "Lakini zile gamubuti zilitokeza chini ya blanketi, na matope yalikuwa bado mabichi."

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimezoea ofisi za kupiga magoti. Akaniambia niinuke, nikae kwenye kiti kama mtu, hapo si mahali pa fimbo. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Unalinda nini kule?"

Hakuuliza kwa nini nadanganya. Aliuliza ninalinda nini, na neno hilo liliniingia. Nikamwambia yote, habari za sufuria na habari za shangazi, na nikamwambia jambo ambalo ndilo ninalokuambia wewe sasa kwa mara ya kwanza: sikuwa nikija kukutunza, Baba. Ulikuwa ukijua kupika, nguo ulikuwa ukizifua vizuri kuliko mimi. Nilikuwa nikija kukuchunga. Nilitaka ubaki mjane maisha yako yote, ukae kimya pale kama picha ukutani, ili mimi nisimpoteze mama mara ya pili. Nisamehe. Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa sijamlilia mama hata siku moja, kwa sababu msibani nilipewa kazi ya kuhesabu vikombe.

Nilimlilia siku hiyo, katika ofisi ile, mpaka kengele ya chakula ikalia. Madam Nyokabi hakuniambia ninyamaze. Akaniambia nije kila Alhamisi baada ya masomo, nikawa naenda, na Alhamisi nyingine hatukuzungumza lolote la maana, tulimenya njugu tu. Kuhusu wenzangu alisema, "Hao utawaambia mwenyewe, siku ukiweza." Ilinichukua wiki tano. Wewe ulikuwa umeshakuwa ushuhuda, Baba. Kuna kijana wa Siaya aliyekuwa akisimulia habari zako kila mkutano, na kila mara ulikuwa mgonjwa zaidi ya mara ya kwanza. Nikasimama Jumatano moja nikasema ukweli. Halafu katibu akasema, "Kwa hivyo tulimwombea mzima akabaki mzima," mtu mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata. Wapo ambao hawakunisemesha mpaka tulipofunga, nao walikuwa na haki yao.

Maigizo niliingia, kama ulivyoagiza. Walinipa nafasi ya nesi, maneno manne. Muhula wa pili nikapewa mzee mlevi, nikamchezea kwa mwendo wako wa kushuka trekta, na kwenye mashindano ukumbi wa Kisumu ulicheka hadi pazia likachelewa kufungwa. Kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke nilikuwa mahali fulani bila kutaka kuwa pengine.

Lakini lile ninaloliweka ndani kabisa ni Desemba ile tuliyofunga muhula wa kwanza. Ulikuja kunipokea kituoni, ukabeba sanduku, tukakata njia ya katikati ya miwa. Tulipofika mahali njia inapopanuka ukasimama, ukaweka sanduku chini.

"Nyara, binti yangu," ukasema. "Kuna mtu. Anaitwa Rispa. Anauza samaki, hizi omena, pale soko, bwana yake alikufa. Wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Waya alitaka nimlete mwezi wa tisa. Nikakataa. Nikasema, huyu mtoto bado anatembea na kurudi, hajashika mahali. Nilitaka wewe upate kwako kwanza, ndio mimi nilete mtu kwa mama yako."

Nilisimama pale, miwa ikinichoma mikono. Kumbe miezi yote niliyokuwa nikikulinda dhidi ya mgeni, wewe ulikuwa ukinisubiri mimi. Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nikabeba sanduku langu mwenyewe.

"Jumapili mwite," nikakuambia. "Aje tule."

Ulitembea mbele yangu njia nzima iliyobaki bila kugeuka, na mabega yako yalikuwa yakitetemeka. Nilijifanya sioni.

Sasa ni mimi ninayekaa kwenye kiti cha Madam Nyokabi, katika chuo kingine, hapa Kisumu, na sikai hapo kwa bahati. Kazi hii naijua. Mtoto akiniambia mzazi anaumwa kila Ijumaa, simwiti mwongo, wala siandai lori. Namkaribisha kiti, namuuliza lile swali. Wengi hukaa. Wengi hujiunga na kitu, hata kama ni chama cha wakulima vijana.

Na ulipougua kweli mwaka jana, miguu ikakataa na ulimi ukawa mzito, si mimi niliyekugeuza kitandani alfajiri. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusimamia. Ni yule niliyemkalia lindo ndiye aliyekulisha uji kwa kijiko miezi minne, akikusimulia habari za sokoni ili uso wako ucheke upande mmoja. Ulipofumba macho ulikuwa umemshika kidole. Lau ningalishinda vile vita vyangu vya jikoni, ungalikufa peke yako, Baba. Hilo ndilo linalonifanya nikuandikie leo, zaidi ya yule mzee wa koti.

Pumzika basi. Sina deni la machozi kwako, nimelia vya kutosha, na kazi inaningoja kesho asubuhi. Rispa amehamia kwangu hapa Kondele tangu mwezi wa pili. Nimemsomea barua hii yote, hata pale nilipomwita mgeni, akasikiliza huku akichambua omena, halafu akaniambia nisiifunge bahasha kabla hajatuma neno.

Mama anakusalimu.

Ni mimi,
Binti yenu