Mimi Ndiye Nambari Nne

Jumatano, 11 Oktoba

Hili sijamwambia mtu yeyote. Mama hajui. Paka hajui. Mimi ndiye Nambari Nne.

Jana niliweka dau la yuro mia tatu kwenye gari la babu yangu mwenyewe, kwenye mnada wa intaneti, kwa akaunti ya Mama. Nina miaka kumi na sita. Sina leseni. Gari silitaki. Sina hata mahali pa kwenda nalo.

Niandike kwa mpangilio, labda nitajielewa.

Babu anakaa nasi, chumba cha chini, tangu Bibi afariki. Mwezi uliopita daktari wa macho alimwambia arudishe leseni. Akairudisha siku ile ile, kimya, kama mtu anayerudisha kitabu maktaba. Kisha akasema na gari liuzwe. Stesheni wagoni ya buluu, ya mwaka 1999. Amelipenda kuliko anavyowapenda watu wengi wa kijiji hiki — ambao, kusema kweli, hawajajitahidi kupendwa.

Shida ni tangazo. Babu alisema, mimi nikachapa. Wengine wakiuza gari wanasema ni zuri. Huku kwetu Närpes, pembe ya Finland inayosema Kiswidi na kulima nyanya, kujisifu ni aibu kuliko kuiba, kwa hiyo tangazo letu linasema: gari ni kuukuu. Mlango wa nyuma kushoto una kutu. Redio inashika stesheni moja, nayo si nzuri. Kukiwa na baridi kali dirisha la nyuma hushuka lenyewe. Ndani mna harufu ya nyanya.

"Andika na yule paa," akasema.

"Babu, paa alikuwa mwaka 2011. Taa ilibadilishwa."

"Aligongwa au hakugongwa?"

"Aligongwa."

"Basi andika."

Picha tulipiga mvua inanyesha. Akaniambia nisogee karibu na kutu. Karibu zaidi. Asije mtu akasema hakuiona.

Halafu nikatafsiri yote kwa Kifini. Hiyo ndiyo kazi yangu nyumbani. Miaka minne nilisoma Seinäjoki kwa Kifini, Mama alipokuwa muuguzi kule; sasa nasoma hapa kwa Kiswidi. Nimefundishwa kunyamaza kwa lugha mbili.

Matokeo: siku tano, madau mawili. Hamsini. Sitini. Babu anafungua tableti kila baada ya kula. Jana mchana akaitazama muda mrefu.

"Sitini," akasema. "Wananunua tangi la mafuta, gari wanapewa bure."

Mama akamwambia asubiri, mnada unafungwa Jumapili. Babu akasema Jumapili likiwa bado ni sitini atawaita watu wa vyuma chakavu walisage. Heri lisagwe kuliko lichekwe. Akasukuma sahani. Viazi vilikuwa bado vimo. Babu haachi viazi.

Na kompyuta ilikuwa pale, na akaunti ya Mama ilikuwa wazi tangu aliponunua friza mwaka jana. Mia tatu. Nikabofya. Mtandao hauonyeshi majina, kila anayefuatilia gari hupewa namba; mimi nikawa Nambari Nne. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mpango wangu: akae kidogo na fahari yake, halafu atokee mtu mwingine, mtu wa kweli, anipite. Na Babu asijue kamwe. Akijua kwamba thamani ya gari lake ilikuwa huruma ya mjukuu, hatakula viazi tena maishani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Babu kala sahani mbili! Gari limefika mia tano na kumi. Nambari Sita kaingia jana jioni, akaweka mia tatu na kumi. Nikaweka mia tano. Sekunde hiyo hiyo — mia tano na kumi.

Nilidhani Babu atafurahi. Amefurahi kwa namna yake: anatukana.

"Huyu Nambari Nne ni mjinga wa kupindukia," akamwambia Mama. "Kutoka sitini kuruka hadi mia tatu. Nani alimwomba? Angeweka sabini angekaa na sabini."

"Labda analipenda gari, Baba."

"Ndiyo kosa la kwanza."

Kisha tukapewa somo. Babu hajanunua kitu mnadani tangu ile mashine ya kukamua maziwa, lakini sheria anazo. Mnunuzi mwenye akili hajionyeshi mapema. Anangoja dakika ya mwisho. (Kwenye mtandao huu ukiweka dau dakika ya mwisho, saa inaongezwa dakika tano. Nilijua. Sikusema.) Mnunuzi mwenye akili haweki namba nzima nzima, anaweka elfu na kumi, maana wapumbavu wote wanakomea kwenye elfu. Mnunuzi mwenye akili anaandika kikomo chake kwenye karatasi na kuitia mfukoni, halafu anaheshimu mfuko.

"Nambari Nne hana karatasi," akasema Babu. "Nambari Nne hana hata mfuko."

Nilikuwa nakoroga supu. Masikio yanawaka. Mama kaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimegundua siri ya Nambari Sita. Si yeye anayejibu, ni mtambo. Ukitaka, unauambia mtandao kikomo chako, hakuna anayekiona, na mtambo unakupandishia kumi kumi kila ukipitwa. Kwa hiyo nikigusa, unajibu. Nikigusa tena, unajibu. Siwezi kushinda maadamu mtambo una pumzi. Ni salama kabisa.

Shuleni leo sikufungua kinywa tangu asubuhi. Kwenye foleni ya chakula nilionyesha kwa kidole. Mwalimu wa kemia aliniandika sikuwepo, nikiwa mstari wa pili. Saa kumi jioni nilimpandisha mtu mzima yuro mia tano kabla maji ya kahawa hayajachemka.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna mtu. Nilianza kwa ajili ya Babu. Leo sikumkumbuka Babu hata kidogo.

Kwenye elfu moja na kumi nikashtuka. Kama mtambo ungekata pumzi pale? Tangu hapo naenda kumi kumi, kama mtu anayepita juu ya barafu nyembamba ya Novemba. Sasa: elfu moja mia moja na sabini. Anaongoza Nambari Sita. Babu amekula, amepiga mluzi, ameng'arisha vioo vya gari.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nambari Sita alikuja kutazama gari!

Anaitwa Kauko. Mfini, amestaafu, katoka Seinäjoki na kofia ya duka la mbegu. Kiswidi chake ni "asante" na "kahawa". Kifini cha Babu ni cha jeshini: anaweza kumwamuru mtu alale chini, basi. Kwa hiyo mimi. Mama kanisukuma nje mlangoni kama takataka za karatasi.

Nilisimama kati yao nikitafsiri kutu. Babu alimzungusha mgeni gari zima, kasoro moja baada ya nyingine, hakuruka. Alipiga magoti aonyeshe kasoro ambayo haimo hata kwenye tangazo. Kisha akaingia ndani kuchukua daftari la matengenezo.

Mzee Kauko akaniinamia. "Binti, babu yako anauza gari au anatoa ushahidi mahakamani?"

"Ndivyo alivyo," nikaviambia viatu vyangu.

"Gari zima kabisa hili. Mimi nalitaka la kuvutia boti wakati wa kiangazi tu. Nimeuambia mtambo elfu moja na mia nne, hapo ndipo ukuta wangu, usimwambie. Ila kuna kichaa mmoja ananisumbua. Nambari Nne. Ni mtu wa hapa?"

"Sijui," nikaviambia viatu.

Elfu moja na mia nne! Alinipa mwenyewe, bila kuulizwa, kama pipi. Watu wanawaambia wanyamavu kila kitu. Wanadhani tuko kama kabati.

Tukanywa kahawa jikoni, na mikate ya iliki. Babu akawa mchangamfu, kwa hiyo akamrudia mtu wake.

"Mwambie, huyo Nambari Nne nimemchunguza. Mwanzo nilimwona mjinga. Lakini tangu jana anaongeza kumi tu. Kumi, kumi. Huyo anakwangua mfuko. Ni kijana huyo. Gari lake la kwanza."

Nikatafsiri. Kila neno. Ningeweza kusema Babu anasifu mvua, hakuna ambaye angejua. Lakini kwenye kutafsiri mimi ni kama Babu na kutu.

Mzee Kauko akaacha kutafuna. "Kumi kumi?"

"Ndiyo."

"La kwanza." Akazungusha kikombe. "Mimi langu la kwanza, kuna mzee aliniachia. Mnadani, Lapua. Alikuwa na pesa kuliko mimi. Akaniangalia tu, akashusha mkono."

Nikatafsiri. Babu akatikisa kichwa taratibu. Wakala mikate yao. Wazee wawili wanamhurumia maskini Nambari Nne, na maskini Nambari Nne anawamiminia maziwa.

Alipoondoka Babu akasema huyu anajua magari. Kwake hiyo ni hotuba ya harusi.

Kwa hiyo yameisha. Elfu moja mia moja na sabini, mnunuzi wa kweli, Babu anapiga mluzi. Kazi yangu ni moja tu: nikae kimya hadi kesho saa kumi na mbili jioni. Na kukaa kimya ndiyo fani yangu.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikukaa kimya.

Saa kumi na moja na dakika arobaini. Mama yuko kwenye simu na shangazi, Babu yuko uani anasafisha gari ndani kwa brashi ya meno. Mimi niko mbele ya kompyuta nikijua kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua. Kuna yuro mia mbili na thelathini kwenye mtambo wa Mzee Kauko zinalala bure. Nikiweka elfu moja mia tatu na tisini, mtambo utajibu elfu moja na mia nne. Babu atapata hadi senti ya mwisho ya ukuta. Nami nitakuwa nimecheza mnada vizuri kuliko wanaume wote wa kijiji, hata kama hakuna atakayejua. Hasa kwa sababu hakuna atakayejua.

Nikabofya.

Maandishi ya kijani: Wewe ndiye unayeongoza.

Nikangoja mtambo ujibu. Huwa haichukui hata sekunde. Nikafungua upya. Wewe ndiye unayeongoza. Nikafungua tena. Nikawaza labda intaneti imekwama. Intaneti haikuwa imekwama. Kuku wawili wa mapambo wa jirani walikuwa wameuzwa kwenye mnada mwingine wa mtandao huo huo, dakika ile ile.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na tano Babu akaingia na viatu vyake, jambo asilolifanya kamwe, kanipa simu.

"Yule Mfini kaandika. Anasemaje?"

Anasema: Asante kwa kahawa, mzee mwenzangu. Nimekuwa nikifikiri njia nzima. Jana nilivyofika nyumbani nilishusha kikomo changu. Gari nimemwachia yule kijana Nambari Nne. Mimi boti inaweza kungoja.

Nikamsomea. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Muungwana," akasema Babu. "Ingawa ni Mfini."

Dakika nne. Kwa mara ya kwanza nikasoma masharti. Dau halifutiki. Dau ni mkataba. Ada ya mnada ni ya mnunuzi. Yaani tumenunua gari letu wenyewe, na ada juu.

Nikawaza kumwandikia Mzee Kauko. Namba yake nilikuwa nayo mkononi, simu ya Babu! Nimwambie nini? Kwamba Nambari Nne ndiye aliyemmiminia maziwa? Vidole vilikataa. Viliweza kubofya elfu moja mia tatu na tisini, sentensi moja ya kweli vikashindwa.

Saa kumi na mbili. Saa haikuongezwa. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kuiongeza.

Babu akaketi mezani na tableti. Mtandao ukamuuliza kama anakubali bei. Akavaa miwani, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Akabonyeza KUBALI kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama kengele ya mlango.

"Basi," akasema. "Mtoto wa watu kapata gari zuri."

Zuri. Miaka ishirini na nne na gari hili, neno hilo hajawahi kulitamka. Hata Mama alikata simu.

Akasema mnunuzi akija atamkabidhi mwenyewe, atamfundisha lile dirisha. Sasa mtandao utaleta jina la mnunuzi kwa barua pepe. Dakika kumi hivi.

Nikasema nina kazi ya shule.

Niko chumbani. Nimeandika haya mbio, mwandiko kama wa kuku wa mapambo. Huku juu kila kitu cha jikoni kinasikika.

Tableti imelia sasa hivi.



Babu: "Marika. Umenunua gari?"

Mama: "Gari gani, Baba?"

Mama anasema yeye alinunua friza tu. Mwaka jana. Babu anamuuliza kompyuta ile nani mwingine anaitumia. Mama anaanza kusema kitu, anaacha katikati.

Kiti kimesogezwa.

Mama hupanda ngazi mbili mbili. Huyu anapanda moja, anangoja. Moja, anangoja. Babu hajawahi kuja huku juu tangu ahamie. Anasema magoti si yake tena. Mama anamwambia kutoka chini, acha nimwite ashuke. Anajibu hapana. Mnunuzi anakabidhiwa na mwenye gari mwenyewe.

Hasikiki kama amekasirika. Hasikiki kama amefurahi. Kuna kitu kinalia mkononi mwake kila akikanyaga — chuma, kidogo kidogo. Ni funguo.

Amefika juu. Naficha shajara hii chini ya