Nilimdanganya Mume Wangu Kuhusu Chemchemi

Mpendwa mshauri Mama Sada, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata dada yangu Rebeka wa Pasiansi ambaye huwa simfichi kitu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kiseke, mume wangu Machibya ni fundi wa kuchomelea mageti, na tulikuwa na watoto wawili, Shimba na Precious. Mwaka juzi mvua za Aprili zilinyesha siku nne mfululizo, jiwe likaporomoka kutoka mlimani nyuma ya nyumba likaangukia chumba cha watoto, Precious alikuwa jikoni na mimi, Shimba alikuwa amelala, alikuwa na miaka kumi, tukamzika.

Tangu hapo Machibya akawa mtu mwingine. Akasema mjini tunaishi kwa kubahatisha, mlima ukishuka tumekufa, bomba likikatika wiki nzima tunahangaika na madumu, barabara ikifungwa hatuna hata debe la mahindi ndani, lazima tuhamie mahali ambapo balaa lolote likija tutakula cha kwetu na kunywa cha kwetu. Kila Jumamosi anavuka na kivuko kwenda upande wa Sengerema na daftari lake, anazunguka kijiji kwa kijiji, anachimba udongo anaunusa, anauliza wenyeji maji ya mafuriko yalifika wapi, visima vinakauka mwezi gani, zahanati iko umbali gani, masika barabara inapitika, wizi wa ng'ombe upo au haupo. Mimi hakuniuliza kama nataka kwenda. Nami sikusema sitaki, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu msiba nilimwona anakula sahani akaimaliza.

Akapata eneo zuri, liko juu kidogo, udongo unakubali mihogo na viazi, karibu na chemchemi ambayo wenyeji walisema haikauki. Akasema, "Maneno matupu siyaamini, lazima ionwe mwezi wa tisa." Mwaka jana mwezi wa tisa ulipofika yeye alikuwa na kazi Geita, akanituma mimi. Mama mmoja wa pale, Mama Mhoja, akanipeleka, maji yalikuwa yanatoka, mengi, ya baridi, nikayanywa kwa viganja, akanifungia na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, nipeleke nyumbani. Mama Sada, kaburi la Shimba liko huku. Kila Jumapili nang'oa majani nakaa naye. Kwenye kivuko nikawa nawaza nitamwachaje, na Machibya alipopiga simu, "Vipi, maji yapo?" nikasikia mdomo wangu unasema, "Hakuna kitu, baba Shimba, pamekauka, ni tope tu."

Nilidhani atakata tamaa. Hakukata. Alienda mbali zaidi, akanunua shamba lenye kisima alichokiona mara moja tu, Januari, kimejaa, hakusubiri tena kiangazi kingine, na Juni akahamia huko na Precious, mimi nikabaki kwa kisingizio cha kumaliza sare za shule nilizopokea. Agosti kisima kikakauka. Wakawa wanachota lamboni pamoja na ng'ombe, Precious akapata homa ya matumbo, na kutoka kule hadi hospitali ni mwendo wa masaa matatu kwa bodaboda, alifika hajitambui. Amepona, lakini nywele zimepukutika na hachezi.

Pale hospitali Machibya aliniambia, "Mama Shimba, mmoja nimemuua kwa kujenga chini ya mlima, huyu wa pili nimetaka kumuua kwa kuchagua vibaya. Sijui hata kutazama maji." Akalichana daftari. Nikamshika mkono. Sasa wamerudi kule, Precious ananiambia kwenye simu kwamba baba anashinda amekaa kisimani, haongei. Nikimwambia ukweli ataniacha. Nisipomwambia, naona anakwisha. Nifanye nini?

Mimi Hellen, Kiseke

JIBU

Marahaba, Hellen. Majina nimeyabadilisha yote.

Pole kwa Shimba. Kushindwa kuliacha kaburi la mtoto si kosa. Ungemwambia mumeo, "Siwezi kumwacha Shimba," mngelia wote, kisha mkapanga upya. Hukusema. Mtu alikutuma ukaone kwa niaba yake, ukamdanganya kuhusu maji, ambayo ni uhai wa mwanao. Hapo sikutetei.

Mumeo naye ana lake. Aliuliza udongo, aliuliza ng'ombe, hakukuuliza wewe. Na kile kisima alikinunua kimetoka kunywa mvua, yeye yule aliyesema maji yaonwe kiangazi. Hilo usilibebe. Mimi nimekulia kijijini, njaa ilipokuja michembe ndiyo iliyotuvusha, kwa hiyo sitakwambia kijiji hakifai. Kinafaa penye maji ya mwaka mzima, majirani wa kukuitikia na njia ya kumfikisha mgonjwa. Pale alipo hapana hata kimoja.

Sasa nisikilize. Kesho vuka, sare zisubiri. Usiende peke yako, chukua ndugu wa mumeo anayemheshimu. Mtu anayesema ameua na kushinda kisimani bila kuongea haachwi peke yake hata saa moja. Rudini naye mjini, mpelekeni hospitali akaongee na mtaalamu wa afya ya akili, wala si aibu. Precious akapimwe tena, kisha akae kwa dada yako Pasiansi, na nyinyi pia. Kwenye ile nyumba ya chini ya mlima asilale mtu tena.

Akishaanza kula na kulala, mwambie, ndugu yake akiwa karibu. Usianze kwa kulia ili akuonee huruma. Sema, "Chemchemi ilikuwa na maji. Nilikudanganya kwa sababu sikuweza kumwacha Shimba." Kisha nyamaza, yeye aseme yote aliyonayo, hata yakichoma. Usiongeze "lakini".

Huenda asikusamehe, sitakuficha. Ila yule baba anaamini hajui kutazama maji, na ni wewe tu unayejua kwamba mara ya kwanza aliona sawasawa. Nenda, Hellen. Mvua za vuli zinakaribia.